Kuokoa Kompyuta za Zamani na Kumbukumbu Zake

Kompyuta za kwanza hazikujengwa zidumu. Nyingi zilibuniwa kwa kazi maalumu, zikatumika miaka michache, kisha zikabomolewa, mara nyingine vipuri vyake vikihamishiwa kwenye mashine zilizofuata. Z3, iliyokamilishwa na mhandisi Mjerumani Konrad Zuse jijini Berlin mwaka 1941, iliteketea kwa mabomu mwaka 1943. Nchini Uingereza kulikuwa na mashine kumi za Colossus, zilizosaidia kufumbua barua za siri za jeshi la Ujerumani. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha nyingi zilivunjwa ili siri isitoke, na Tommy Flowers, mhandisi aliyezibuni, aliamriwa kuichoma michoro yake. EDSAC ya Chuo Kikuu cha Cambridge, iliyoanza kazi 1949, ilizimwa 1958 na kugawanywa vipande vipande. ENIAC ya Marekani, yenye valvu, yaani taa za utupu, zaidi ya 17,000, ilizimwa Oktoba 1955. Makabati yake 40 yalitawanyika. Baadhi yalikwenda makumbusho, baadhi yalirudi Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilikozaliwa, na mengine yalikaa katika ghala la jeshi huko Fort Sill, Oklahoma, kwa miongo mingi.

Uharibifu huu haukutokana na uzembe peke yake. Mashine iliyozimwa ilijaza chumba kizima, na chumba hicho kilihitajika kwa mashine mpya. Kampuni nyingi hazikuuza kompyuta zao bali zilizikodisha, kwa hiyo muda ulipokwisha mali ilirudi kwa mwenyewe, na mwenyewe hakuwa na sababu ya kutunza kitu ambacho soko limekwisha kukikataa. Tena bodi za zamani zilikuwa na dhahabu kwenye miguso yake, na wanunuzi wa chuma chakavu walilijua hilo mapema kuliko wanahistoria. Wasomi nao walichelewa. Injini ya mvuke au ndege ya vita iliingia makumbusho bila mabishano, lakini kabati la waya lililokuwa likipiga hesabu za mishahara halikuonekana kuwa na hadithi ya kusimulia.

Mwamko wa kwanza ulitoka kwa wahandisi wenyewe. Mapema katika miaka ya 1970, Whirlwind, mashine ya chuo cha MIT iliyokuwa ya kwanza kutumia kumbukumbu ya vipete vya sumaku, ilikuwa njiani kuuzwa kama chuma chakavu. Iliokolewa na Ken Olsen na Robert Everett, ambao wote wawili walikuwa wameifanyia kazi wakiwa vijana. Wakati huo Olsen alikuwa mkuu wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, hivyo alikuwa na ghala na malori. Kutokana na mkusanyo huo, Gordon Bell na mkewe Gwen Bell walianzisha makumbusho ndani ya jengo la kampuni hiyo huko Marlborough, Massachusetts, mwaka 1979. Mwaka 1984 makumbusho hayo yalihamia Boston na kufunguliwa kwa umma. Baadaye mali yake ilisafirishwa hadi California na kuwa msingi wa Computer History Museum ya Mountain View, ambayo leo ina mkusanyo mkubwa kuliko wowote wa aina hiyo duniani.

Katika miaka hiyohiyo kundi jingine lilichukua njia tofauti. Taasisi ya Charles Babbage, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupata makao Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1980, haikukusanya mashine bali karatasi: barua za kampuni, ripoti, mikataba, na mahojiano ya waasisi yaliyorekodiwa wakiwa bado hai. Wakati ule uamuzi huo ulionekana mdogo ukilinganishwa na fahari ya kuokoa Whirlwind. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba mashine isiyo na karatasi zake ni vigumu sana kuifufua, ilhali karatasi zisizo na mashine mara kadhaa zimetosha kuijenga upya.

Ushahidi mzito wa jambo hilo ulitoka katika Makumbusho ya Sayansi ya London. Kati ya 1847 na 1849 Charles Babbage alichora mashine ya kukokotoa aliyoiita Difference Engine namba 2, wala hakupata fedha za kuijenga. Michoro yake mikuu 20 ilibaki. Mwaka 1985 Allan Bromley, mtaalamu kutoka Chuo Kikuu cha Sydney, alipendekeza ijengwe ili kuadhimisha miaka 200 tangu Babbage azaliwe. Doron Swade, msimamizi wa mkusanyo wa kompyuta wa makumbusho, aliongoza kazi hiyo. Mafundi walitumia mashine za kisasa kuchonga gia, lakini walijifunga kutozidi usahihi ambao karakana za karne ya 19 ziliweza kuufikia, kwa maana swali lenyewe lilikuwa kama Babbage angefaulu kwa vifaa vya zama zake. Sehemu ya kukokotoa, yenye vipande takriban 4,000, ilikamilika 1991 na kutoa majibu sahihi. Mtambo wa kuchapa uliungwa baadaye, ukamalizika 2002, na uzito wote ukafika tani tano. Dosari chache zilizogunduliwa kwenye michoro zilirekebishwa, lakini wazo lenyewe halikuwa na kasoro.

Kabla kazi hiyo haijakwisha, mwaka 1989, makumbusho hayo na Jumuiya ya Kompyuta ya Uingereza walikuwa wameunda chama cha kuhifadhi kompyuta, Computer Conservation Society. Wanachama wake wengi walikuwa wahandisi wastaafu. Hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa sababu ujuzi wa kurekebisha mashine ya valvu haukuwa umeandikwa kikamilifu mahali popote, bali ulikuwa mikononi mwa watu waliokuwa wakizeeka. Kila mwaka uliopita bila kazi kuanza, mwalimu mmoja zaidi alikuwa amefariki.

Tony Sale, mmoja wa waasisi wa chama hicho, ndiye aliyejitwisha mzigo uliodhaniwa hauwezekani. Alianza kuijenga upya Colossus mwaka 1993 huko Bletchley Park, kituo ambako mashine hiyo ilitumika wakati wa vita. Alichokuwa nacho ni picha nane za wakati wa vita, vipande vya michoro ya saketi ambavyo wahandisi wachache walivificha majumbani kinyume cha sheria, na kumbukumbu za wazee waliowahi kuigusa. Nyaraka za Wamarekani waliotumwa Bletchley wakati wa vita, zilizotolewa hadharani katikati ya miaka ya 1990, ziliziba mapengo ambayo Waingereza wenyewe hawakuweza kuyaziba. Mashine iliwashwa mbele ya umma mwaka 1996 na kukamilika 2007. Mwaka huo huo ilishindanishwa na wapenzi wa redio katika kufumbua ujumbe uliorushwa kutoka Ujerumani. Mshindi alikuwa Joachim Schüth wa Bonn, aliyeandika programu yake mwenyewe na kumaliza kabla Colossus haijafika popote. Hakuna aliyeona aibu, maana wajenzi walitaka kujua kama mashine ya 1944 ingefanya kazi yake, nayo iliifanya.

Mjini Manchester kazi ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kufanyika mwaka 1998. Mashine ndogo iliyopewa jina la utani Baby ndiyo iliyoendesha kwa mara ya kwanza programu iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu yake ya kielektroniki, tarehe 21 Juni 1948. Ilikuwa ya majaribio, na punde ilimezwa na mashine kubwa iliyoifuata. Chris Burton na wenzake waliijenga upya kwa picha za zamani na madaftari ya wahandisi, wakitafuta valvu za aina ileile kwenye maghala ya akiba, na nakala hiyo ikaendesha programu ileile miaka 50 baadaye, siku na mwezi uleule.

Nakala, hata ikiwa aminifu vipi, si kitu chenyewe. Ndiyo maana mashine ya Harwell ina nafasi ya pekee katika historia hii. Ilianza kubuniwa 1949 katika kituo cha utafiti wa nishati ya atomiki cha Harwell, ikaanza kazi 1951. Kumbukumbu yake ilitumia dekatroni, yaani valvu zenye gesi ambazo kila moja huhesabu hadi kumi kwa kuhamisha nukta ya mwanga kutoka kituo kimoja hadi kingine. Mtu akisimama mbele yake anaweza kuisoma namba kwa macho ikibadilika. Ilikuwa na dekatroni 828, uzito wa tani mbili na nusu, na mwendo wa kobe. Kuzidisha namba mbili kuliichukua sekunde kadhaa. Inasimuliwa kwamba mtaalamu mmoja wa hesabu alikaa kando yake na kikokotoo cha mkono, akaenda nayo sambamba kwa nusu saa, kisha akaacha kwa uchovu huku mashine ikiendelea. Uwezo wake ulikuwa huo wa kufanya kazi siku nzima na usiku kucha bila kukosea.

Mwaka 1957 Harwell iliitoa kwa njia ya mashindano kwa chuo kitakachoonyesha kuwa kitaitumia vizuri zaidi. Chuo cha ufundi cha Wolverhampton kilishinda, kikaipa jina la WITCH, na wanafunzi waliitumia kujifunza programu hadi 1973. Kisha ikaonyeshwa katika makumbusho ya sayansi na viwanda ya Birmingham, na yalipofungwa 1997 ikafunguliwa vipande na kuwekwa ghalani. Ilisahaulika humo mpaka mmoja wa wadhamini wa The National Museum of Computing, makumbusho yaliyoko Bletchley Park, alipoitambua paneli yake ya kuongozea katika picha ya vitu vya ghala. Ililetwa Bletchley mwaka 2009. Urekebishaji ulichukua miaka mitatu, zaidi kwa kusafisha miguso ya swichi za relay na kutafuta waya zilizolegea, kwani sehemu kubwa ya vipuri vyake vya asili ilikuwa bado nzima. Tarehe 20 Novemba 2012 iliwashwa tena, na kwa sasa ndiyo kompyuta ya kidijitali ya asili iliyo kongwe kuliko zote zinazofanya kazi.

Ufufuaji wa namna hii umezua mzozo ambao haujapata suluhu. Wahandisi husema kompyuta iliyozimwa ni kabati tu, kwa sababu kiini chake ni mwenendo, na mwenendo hauonekani pasipo umeme. Watunzaji wa makumbusho hujibu kwamba kila kipuri kinachobadilishwa ni ushahidi unaofutwa, na kila saa ya kuwashwa huongeza uchakavu. CSIRAC ya Australia, iliyoanza kazi 1949 na ambayo ndiyo kongwe kuliko kompyuta zote za kielektroniki za kizazi cha kwanza zilizobaki nzima, haiwashwi kamwe. Imeachwa jinsi ilivyo katika mkusanyo wa makumbusho ya Victoria. Mjini London, mashine ya Pegasus ya miaka ya 1950 iliendeshwa mbele ya wageni kwa miaka mingi mpaka hitilafu ya umeme ilipotokea mwaka 2009, ikazimwa. Pande zote mbili zina hoja, ingawa inafaa kusema kwamba wanaotaka mashine ziwashwe wametupa maarifa mengi zaidi. Makosa katika michoro ya zamani na mbinu ambazo mafundi hawakuziandika hujitokeza pale tu mashine inapokataa kuwaka na mtu akalazimika kutafuta sababu.

Computer History Museum ya Mountain View ilifuata njia ya kuwasha. Kompyuta yake ya PDP-1 ilifufuliwa kati ya 2003 na 2005, na katika timu iliyoifufua alikuwemo Steve Russell, mwandishi mkuu wa Spacewar!, mchezo wa mwaka 1962 uliotungwa kwenye mashine ya aina hiyohiyo. Baada yake zikaja IBM 1401 mbili, za aina iliyotangazwa 1959 na kusambaa katika maelfu ya ofisi, zilizorekebishwa na wastaafu wa kampuni iliyozitengeneza.

Kompyuta ndogo za nyumbani zilibadilisha sura ya kazi yote. Kitu kinachoweza kukaa juu ya meza hakihitaji makumbusho. Kinahitaji mtu mmoja mwenye rafu na subira. Kufikia miaka ya 1990 mashine za Apple, Commodore, Sinclair na Acorn zilikuwa zikitupwa kwa wingi, na waliozipenda utotoni walikuwa wameanza kuwa na kipato. Mwaka 1997 Sellam Ismail alianzisha California tamasha la kompyuta za zamani, Vintage Computer Festival, ambako watu walileta mashine zao zikiwa zinafanya kazi na kubadilishana vipuri na maarifa. Fedha zilifuata. Apple I, bodi tupu iliyouzwa kwa dola 666.66 mwaka 1976 na kutengenezwa kwa idadi ya takriban 200 tu, ilifikia dola 905,000 katika mnada wa mwaka 2014, ikanunuliwa na makumbusho ya Henry Ford. Bei za namna hiyo ziliokoa bodi kadhaa zisitupwe, lakini pia zilizifanya ziwe mali ya kufungiwa.

Magonjwa ya mashine za nyumbani yanajulikana sasa kiasi cha kufundishika. La kwanza ni betri. Kompyuta kama Amiga 2000 zilikuwa na betri ndogo iliyolehemiwa kwenye bodi ili kutunza saa. Baada ya miaka betri hiyo huvuja, na majimaji yake hula njia za shaba na kupanda ndani ya soketi za chipu. Anayepata mashine ya aina hiyo huikata betri kwanza, kabla hata ya kujua kama inawaka. Ugonjwa wa pili ni kapasita. Zile zenye majimaji, hasa ndogo za kubandikwa juu ya bodi zilizotumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, huvujia miguu yake na kuleta ulikaji. Zile za karatasi zilizowekwa kwenye pawa saplai za mashine kama BBC Micro hupata nyufa katika ganda lake la plastiki, hunyonya unyevu wa hewa, na siku mashine inapochomekwa baada ya miaka mingi hupasuka kwa moshi mzito wenye harufu mbaya. Moshi huo huwatisha wageni wa kazi hii kuliko unavyostahili, kwa kuwa mara nyingi mashine yenyewe huendelea kuwa salama.

Kwa hiyo fundi mzoefu hakimbilii swichi. Hufungua boksi, huangalia, hunusa. Hutenga pawa saplai na kuipima ikiwa na mzigo wa bandia, kwa sababu volti zikipanda kupita kiasi huua chipu ambazo hakuna kiwanda kinachozitengeneza tena. Mashine kubwa za valvu huongezewa volti pole pole kwa muda mrefu ili kapasita zake zijijenge upya. Mpira nao haudumu. Magurudumu madogo yanayosukuma utepe au kadi hulainika na kuwa kama lami. Plastiki nyeupe hugeuka njano kutokana na mwanga na kemikali za kuzuia moto zilizochanganywa nayo. Mwaka 2008 wapenzi wa kompyuta walianza kutumia dawa ya haidrojeni peroksidi chini ya mwanga wa jua kurudisha weupe. Njano hurejea baadaye mara nyingi, na watunzaji makini huona heri kuiacha ilivyo.

Hata hivyo chuma na plastiki ni sehemu nyepesi. Kilicho kigumu ni kilichoandikwa ndani ya tepe na diski. Utepe wa sumaku ni ukanda wa plastiki uliopakwa unga wa oksidi ya chuma na gundi. Gundi za aina fulani, zilizotumika sana katika miaka ya 1970 na 1980, hunyonya unyevu, zikanata, na utepe unapopita kwenye kichwa cha kusomea unga hubanduka pamoja na habari iliyomo. Tiba iliyozoeleka ni kuuoka utepe kwa joto la nyuzi 50 hivi kwa saa nyingi. Hupona kwa muda tu, na katika muda huo unapaswa kunakiliwa. Pwani, ambako hewa ni nzito kwa unyevu na ukungu huota hata juu ya vitabu, tatizo hilo huja mapema zaidi.

Zaidi ya hapo, utepe mzima hauna faida pasipo mashine ya kuusoma. Kati ya 1966 na 1967 vyombo vitano vya Lunar Orbiter vya Marekani viliupiga picha Mwezi ili kutafuta mahali pa wanaanga kutua. Mawimbi yaliyopokelewa duniani yalirekodiwa kwenye tepe pana kwa mashine za Ampex FR-900, zenye ukubwa wa jokofu, ambazo ni chache sana zilizowahi kutengenezwa. Picha zilizochapishwa wakati huo zilikuwa za ubora wa chini kuliko zilizokuwa kwenye tepe. Katika miaka ya 1980 tepe hizo takriban 1,500 zilikuwa karibu kutupwa. Nancy Evans, mtunza kumbukumbu wa JPL, maabara ya NASA, alikataa. Alipata pia mashine chache za FR-900 na kuzihifadhi katika gereji ya nyumba yake kwa miaka mingi, akiomba fedha za kazi hiyo bila kufanikiwa. Mwaka 2007 Dennis Wingo na Keith Cowing walianza kuzifufua, na kituo cha NASA cha Ames huko California kikawapa jengo lililokuwa mkahawa wa McDonald's. Picha ya kwanza, inayoonyesha Dunia ikichomoza juu ya upeo wa Mwezi mnamo Agosti 1966, ilitoka Novemba 2008 ikiwa na uwazi ambao hakuna aliyewahi kuuona. Bahati hiyo haikuzipata tepe za kutua kwa Apollo 11. Ripoti ya NASA ya mwaka 2009 ilieleza kuwa zile zenye mawimbi ya asili ya televisheni zilifutwa na kutumika tena, kwa kuwa wakati ule tepe zilikuwa haba.

Mfano wa Domesday unaeleza upande mwingine. Mwaka 1086 kiliandikwa Domesday, kitabu cha mali za ufalme wa Uingereza, kwa agizo la mfalme, na kitabu hicho bado kinasomeka. Mwaka 1986 shirika la BBC liliadhimisha miaka 900 yake kwa kukusanya maandishi na picha kutoka kwa watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja, wengi wao watoto wa shule, na kuviweka kwenye diski kubwa za leza zilizosomwa kwa kompyuta ya BBC Master na mashine maalumu ya Philips. Haikupita miaka 20 ndipo ikawa shida kupata seti moja inayofanya kazi. Watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan waliandika programu inayoiga mfumo huo wote, wakaionyesha mwaka 2002. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama ushahidi kwamba karatasi ni bora kuliko kompyuta, jambo ambalo ni nusu ya ukweli. Diski zenyewe hazikuharibika. Kilichokosekana ni mashine ya kuzisoma na maelezo ya jinsi habari ilivyopangwa ndani yake.

Somo hilo liligeuza namna ya kunakili diski laini. Flopi ya kwanza ya IBM, ya inchi 8, ilitoka 1971 ikibeba takriban kilobaiti 80. Zilifuata za inchi 5.25 mwaka 1976 na za inchi 3.5 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila kampuni ilikuwa na namna yake ya kupanga habari juu yake, na watengenezaji wa michezo waliongeza hila za kuzuia wizi ambazo kompyuta ya kawaida haiwezi kuzinakili. Vifaa vipya kama KryoFlux na Greaseweazle haviulizi faili wala sekta. Hupima muda kati ya badiliko moja la usumaku na jingine katika kila njia ya diski, huhifadhi vipimo hivyo, na kazi ya kuvifasiri huachwa kwa programu ambayo inaweza kuboreshwa baadaye. Kwa njia hiyo, mwaka 2014 wanachama wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitoa michoro ya msanii Andy Warhol kutoka kwenye flopi za Amiga alizozitumia 1985, zilizokuwa zimekaa katika makumbusho yake huko Pittsburgh bila mtu kujua kilichomo.

Uhifadhi wa nyaraka, uliodharauliwa mwanzoni, ndio ulioshika hatamu sasa. Z4, mashine ya Zuse iliyonusurika vita, imeonyeshwa kwa miaka mingi katika Deutsches Museum mjini Munich, lakini kitabu chake cha maelekezo kilidhaniwa kimepotea hadi kilipopatikana mwaka 2020 miongoni mwa nyaraka za mtafiti mmoja wa Zürich, ambako mashine hiyo ilikodishwa miaka ya 1950. Al Kossow, aliyefanya kazi ya kutunza programu katika Computer History Museum, amechanganua na kusambaza vitabu vya ufundi na michoro ya mashine nyingi mno kupitia hifadhi yake ya Bitsavers. Ni nadra leo kwa mtu kurekebisha mashine ya miaka ya 1970 bila kupitia kurasa hizo. Bob Supnik alianza 1993 kuandika SIMH, programu inayoigiza kompyuta kadhaa za kale ndani ya kompyuta ya kisasa, na mwaka 2008 Warren Toomey na wenzake waliendesha toleo la kwanza la mfumo endeshi wa Unix lililokuwa limebaki kwenye karatasi zilizochapwa tu, wakilirudisha mstari kwa mstari. Kompyuta ya chombo cha anga cha Apollo iliyofufuliwa na Marc Verdiell na timu yake mwaka 2018 na 2019 ilitegemea michoro ya asili iliyotunzwa katika hifadhi ya nyaraka za taifa ya Marekani. Kumbukumbu yake ya kudumu ilifumwa kwa mkono na wanawake wa kiwanda cha Raytheon, waya ukipita ndani ya kipete kumaanisha moja, nje yake kumaanisha sifuri. Bila michoro, ufumaji huo usingefahamika.

Afrika Mashariki imeguswa na historia hii kwa namna yake. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, ya kampuni ya Uingereza, ingawa kwa hakika ilikuwa mashine ya RCA ya Marekani iliyobadilishwa jina. Mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na mashine zikabaki chache kwa miaka iliyofuata. Zilipofika kwa wingi zilikuwa za mezani, nyingi zimetumika kwingine. Mafundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na wa Luthuli Avenue jijini Nairobi walifanya kwa riziki yale ambayo wengine huyafanya kwa mapenzi. Walibadilisha kapasita, walilehemu upya, walichukua kipuri cha mashine moja kukiingiza katika nyingine, ila hawakuandika walichokifanya. Urithi mkubwa zaidi wa sumaku katika eneo hili umo katika tepe za sauti za Radio Tanzania Dar es Salaam, zenye hotuba, tamthilia na muziki wa bendi tangu miaka ya 1960. Tepe hizo zina maradhi yaleyale ya gundi, ukungu na uhaba wa mashine za kusomea, na kazi ya kuzihamishia kwenye mfumo wa kidijitali imeanzishwa zaidi ya mara moja.

Mikusanyo yenyewe nayo ina maisha. Paul Allen, mmoja wa waasisi wa Microsoft, alifungua mjini Seattle mwaka 2012 makumbusho ambamo mgeni aliruhusiwa kukaa mbele ya kompyuta ya miaka ya 1960 na kuitumia, hata kwa mbali kupitia mtandao. Allen alifariki 2018. Makumbusho yalifungwa mapema mwaka 2020 wakati wa janga la korona na hayakufunguliwa tena. Mwaka 2024 wasimamizi wa mirathi yake walitangaza kuwa yamefungwa moja kwa moja, na vitu kadhaa vikapigwa mnada na kampuni ya Christie's. Apple I iliyokuwa ofisini kwa Steve Jobs ilikwenda kwa dola 945,000, na mashine nyingine zikatawanyika kwa wanunuzi mbalimbali.